Kompyuta ya gemu nyumbani Hail: anza na kioo, chumba na umeme, kadi ije baadaye

Kila inapokaribia likizo ya skuli hapa Oman, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za watu wetu wanaoishi Hail, katika wilaya ya Seeb mjini Muscat: "Kadi gani nzuri?" Muulizaji huwa ni kijana wa miaka 15 au 16, na kadi anayoikusudia si ya simu wala ya benki. Ni kadi ya grafiki, kile kipande cha kompyuta chenye feni zake chenyewe, kinachochora picha za gemu na kuzipeleka kwenye kioo. Anayeulizwa ni mjomba au binamu anayesifika kwamba anajua kompyuta. Anayelipa ni baba au mama, na huyo ndiye asiyeulizwa kitu.

Sisi tunaona kwamba swali hilo limepinduka, na kupinduka kwake kunazigharimu familia fedha za kweli. Kompyuta mpya ya gemu pamoja na kioo chake huweza kumeza rial 350 na zaidi. Rial ya Oman imefungwa na dola ya Marekani kwa kiwango kile kile tangu 1986, rial moja kwa dola 2.60, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya dola 900. Kila mwenye jamaa Unguja, Pemba, Dar es Salaam au Mombasa anajua kwamba fedha kama hizo zina wenyewe: ada ya mtoto wa dada, dawa za bibi, tiketi ya kwenda kuwaona wazee. Ikiwa baba ameamua kwamba mwaka huu kijana naye apate, basi angalau kisinunuliwe kitu kitakachokaa ndani ya kasha kikiungua kwa joto, au kikifanya kazi ambayo kioo hakiwezi kuionesha.

Tuanze basi na kioo. Kadi ya grafiki haina kazi nyingine wakati wa gemu ila kujaza nukta za kioo kwa rangi, mara nyingi kila sekunde. Kioo cha kawaida, kile kinachoitwa 1080p, kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Kioo cha 1440p kina nukta 3,686,400. Televisheni ya 4K, ambayo siku hizi iko katika sebule nyingi, ina nukta 8,294,400, mara nne kamili ya kile cha kwanza. Maana yake ni kwamba kadi inayochezesha gemu vizuri kabisa kwenye kioo cha 1080p huelemewa pale kijana anapoichukua kompyuta na kuiunganisha na televisheni ya sebuleni. Kisha hulaumiwa kadi, na kunakuja ombi la kadi nyingine.

Kinyume chake nacho tunakiona. Mtu hununua kadi kubwa, halafu akaifunga kwenye kioo cha zamani cha hezi 60. Kioo hicho hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde na si zaidi. Kadi ikichora picha 140 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya kazi yake haionekani na mtu. Umeme umetumika, joto limetoka, na macho hayakupata kitu.

Kwa hiyo mzazi aulize kwanza: mtoto atacheza nini, na atachezea kwenye kioo gani? Valorant, Fortnite, Counter-Strike 2, Minecraft na eFootball si gemu nzito. Kadi ya bei ya kati inazimudu, na hapo fedha zinazobaki zina faida zaidi zikinunua kioo cha inchi 24 chenye hezi 144 au 165. Ikiwa ni gemu kubwa zenye miji mizima ndani yake, nyasi zinazocheza na mvua inayong'aa barabarani, hapo ndipo kadi yenyewe inapohitaji kufikiriwa kwa makini, na kioo cha inchi 27 cha 1440p ndicho kikomo chenye busara kwa familia nyingi. Na ikiwa kijana hachezi chochote ila mpira, tunasema bila kuficha: PlayStation 5 iliyotumika na televisheni iliyopo inatosha, na makala haya hayamhusu.

Jambo la pili ni chumba, na hapa Hail si Ulaya. Maelezo mengi ya kuchagua kompyuta ya gemu yameandikwa na watu wanaokaa katika nyuzi 20, ambao joto la kompyuta kwao ni neema wakati wa baridi. Oman ndiyo nchi ambayo mwezi Juni 2018, katika mji wa Quriyat, usiku mzima ulipita bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Vyumba vya vijana katika majumba yetu mara nyingi viko ghorofa ya juu, chini ya dari la zege lililopigwa na jua kutwa nzima. Hata saa nne za usiku ukuta bado una moto.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Kompyuta ya gemu ya wastani inayotumia wati 400 wakati wa mchezo ni sawa na kuwasha hita ndogo ya wati 400 chumbani, halafu ukaiamuru AC iliondoe joto hilo. AC ya tani moja huondoa kiasi cha wati 3,500 za joto, kwa hiyo kompyuta hiyo imejichukulia zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya kazi yake. Kadi kubwa kuliko zote za Nvidia za kizazi kilichotoka 2025, GeForce RTX 5090, hula wati 575 peke yake. Pamoja na prosesa na vinginevyo unakaribia robo ya AC nzima. Anayetaka kadi ya namna hiyo katika chumba cha juu cha Hail mwezi wa Juni ajue kwamba analipa mara tatu: dukani, kwenye bili ya umeme wa kompyuta, na kwenye bili ya AC.

Joto la chumba huingia moja kwa moja kwenye joto la kadi. Chumba kikipanda nyuzi 10, kadi nayo hupanda takriban nyuzi hizo hizo. Kadi nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zinapovuka nyuzi 80 na kitu ili zisiharibike. Kijana huona gemu ilikuwa nyepesi mwezi wa Januari, na mwezi wa Juni imekuwa nzito, akadhani kadi imechoka. Kadi haijachoka, inajiokoa.

Kasha la kompyuta, basi, linunuliwe kwa ajili ya hewa kwanza. Madukani yamejaa makasha yenye kioo mbele na taa za rangi saba, mazuri kweli kuyatazama, lakini hewa haipiti ndani ya kioo. Lililo bora kwa hapa ni lenye wavu mbele, feni mbili au tatu zikivuta hewa kutoka mbele na moja ikiitoa nyuma, na chujio la vumbi linalotoka kwa mkono ili lioshwe. Chujio hilo lioshwe kila wiki mbili, na baada ya siku ya upepo wa mchanga lioshwe siku ile ile. Hail ya Kaskazini iko upande wa bahari, na hewa yake ina unyevu na chumvi. Vyuma vidogo vya kompyuta havipendi chumvi, kwa hiyo dirisha la upande wa bahari lisiwe wazi kompyuta ikiwa inavuta hewa.

Kuna jambo jingine ambalo hutalisoma katika maelezo ya wazungu. Katika nyumba zetu udi na ubani vinafukizwa, Ijumaa khasa, na moshi wake una mafuta. Moshi ule ukivutwa na feni hunata, na vumbi hunata juu yake, mpaka mabawa ya feni yakawa na koti. Hatusemi watu waache kufukiza nyumba zao. Tunasema chetezo kisiwekwe karibu na kompyuta, na kompyuta iwe imezimwa. Kadhalika isiwekwe juu ya zulia, kwani makasha mengi huvuta hewa ya kisanduku cha umeme kutoka chini, na manyoya ya zulia huziba tundu hizo. Meza ndogo au hata matofali mawili yanatosha.

Tahadhari moja zaidi juu ya unyevu. Kitu kilichotoka kwenye ubaridi wa AC kikitolewa nje wakati wa joto hutoa jasho, kama miwani inavyofanya ukifungua mlango wa gari. Kompyuta iliyobebwa kutoka chumba cha baridi kwenda nyumba ya rafiki ikae saa mbili au tatu kabla ya kuwashwa.

Sasa umeme. Kisanduku cha umeme, ambacho mafundi wanakiita pawa saplai, ndicho kitu cha kwanza ambacho wauzaji hukipunguza ili bei ya kompyuta nzima ionekane ndogo. Mnunuzi anatazama jina la kadi na jina la prosesa. Nani anauliza jina la kisanduku? Nacho ndicho kinachobeba vyote, na kikifa vibaya huweza kufa na wenzake. Kwa kadi ya wati 145 hadi 180, kisanduku cha wati 550 au 650 cha kampuni inayojulikana, chenye alama ya 80 Plus Bronze au Gold, kinatosha na kinabaki na nafasi. Kwa kadi ya wati 300 ni 750. Alama ya 80 Plus inaonesha tu ni kiasi gani cha umeme hakipotei ndani ya kisanduku. Si hati ya ubora wa kila kitu, lakini kisanduku kisicho na alama yoyote na kilicho chepesi mkononi kama boksi tupu kirudishwe rafuni.

Wale wanaoletewa kompyuta na jamaa kutoka Marekani au Kanada wasome sentensi hii mara mbili. Huko umeme ni volti 120, hapa Oman na Afrika Mashariki ni kati ya 230 na 240. Visanduku vingi vya kisasa vinajirekebisha vyenyewe, lakini vya zamani na vya bei ndogo vina swichi nyekundu nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika ukuta wa Hail, mlio wake ni mmoja tu.

Kadi kubwa za Nvidia tangu RTX 4090 ya 2022 hutumia plagi ndogo yenye pini 16, na mwezi Oktoba mwaka huo zilianza kuonekana plagi zilizoyeyuka, nyingi kwa sababu hazikusukumwa mpaka mwisho. Mwenye kadi ya aina hiyo asukume plagi mpaka isibaki nafasi hata ya ukucha, na waya usikunjwe karibu na plagi.

Baada ya kioo, chumba na umeme, ndipo tunapofika kwenye kadi, na hapo uchaguzi umekwisha kuwa mdogo, jambo ambalo ni zuri. Kabla ya yote, majina. Kampuni hizi zina tabia ya kuvipa vitu viwili tofauti jina moja. GeForce RTX 3050 iliyotoka 2022 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ya 2024, kwa jina lile lile, ina 6 na nguvu pungufu. RTX 3060 ilikuja 2021 na gigabaiti 12, mwaka uliofuata ikaongezwa nyingine yenye 8. RTX 4060 Ti ya 2023 na RTX 5060 Ti ya 2025 zote zinauzwa kwa sura mbili, 8 na 16. Kwa upande wa AMD, soko la mitumba lina Radeon RX 580 yenye alama ya 2048SP, ambayo ni dhaifu kuliko RX 580 halisi. Na kadi ya ndani ya laptopu haifikii kadi ya jina lake iliyo katika kompyuta ya mezani. Tena namba kubwa si lazima iwe kadi kubwa: tarakimu ya mwanzo ni kizazi, na mbili za mwisho ndizo daraja. RTX 4060 ni mpya kuliko RTX 3070, lakini si ya kasi kuliko hiyo.

Kumbukumbu ndiyo tunayoisisitiza. Kadi ikikosa nafasi ya kuhifadhi picha za gemu, huzivuta kutoka RAM ya kompyuta, na hapo gemu hudunda na kukwama hata kama kadi yenyewe ina nguvu. Gigabaiti 8 bado zinatosha kwa gemu nyepesi tulizozitaja na kwa kioo cha 1080p. Kwa gemu kubwa za sasa, zikichezwa kwa picha nzuri, gigabaiti 8 zimekuwa kidogo, na anayenunua kadi ya kukaa nayo miaka mitano asiridhike nazo.

Kwa bei zilizotangazwa na kampuni siku ya kutolewa, bila ya kodi na bila ya usafiri, Intel Arc B580 ya Disemba 2024, yenye gigabaiti 12, ilikuwa dola 249, yaani kama rial 96. RTX 5060 ya Mei 2025, yenye 8, dola 299, rial 115. Radeon RX 9060 XT ya Juni 2025, yenye 16, dola 349, rial 134. RTX 5060 Ti yenye 16, ya Aprili 2025, dola 429, rial 165. RTX 5090 tuliyoitaja ilitangazwa kwa dola 1,999, ambazo ni karibu rial 769. Ongeza kodi ya asilimia 5 iliyoanza Oman Aprili 2021, faida ya muuza duka, na kupanda kwa bei za kumbukumbu kulikoanza mwishoni mwa 2025 kwa sababu ya vituo vikubwa vya akili bandia kununua chipu za RAM kwa wingi. Bei ya dukani haitalingana na hizi, lakini zinakupa mizani: ukiona kadi ya rial 115 inauzwa 190, unajua la kusema.

Rai yetu ni hii. Kijana wa gemu tupu, kioo cha 1080p au 1440p, chumba cha Hail: RX 9060 XT yenye gigabaiti 16. Inakula wati 160 tu na kumbukumbu inatosha. Mwenye fedha chache na kompyuta mpya: Arc B580. Lakini mwenye kompyuta ya zamani asiiguse hiyo ya Intel, kwani inataka mazabodi yenye uwezo unaoitwa Resizable BAR, na bila ya hiyo hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Hata ikiwepo, prosesa ya zamani huirudisha nyuma.

Ipo na ile hoja maarufu: "Mama, hii ni ya kusomea." Wazazi huicheka, lakini wakati mwingine ni kweli. Anayesomea usanifu wa majengo, uhandisi, video au kuchora katuni kwa programu ya bure ya Blender, kadi ile ile ya gemu ndiyo itakayomfanyia kazi, na hapo Nvidia inawazidi wenzake kwa kuwa programu nyingi za kazi zimeandikwa kwa ajili yake. Kwa kijana huyo rial 30 za ziada za RTX 5060 Ti yenye gigabaiti 16 hazikutupwa. Mama naye ana haki ya kusema, "Haya mwanangu, nioneshe hiyo kazi yenyewe kwanza," na Blender inafanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu, pole pole, kiasi cha kujua kama mtoto ana nia.

Kuhusu mahali pa kununua, wengi wetu tuna mazoea ya kwenda Ruwi, na wengine huona safari ya Dubai, katika maduka ya kompyuta ya mtaa wa Khalid bin Al Waleed huko Bur Dubai, kuwa na faida zaidi. Uchaguzi huko ni mkubwa, hilo halina shaka. Lakini Imarati nayo ina kodi ya asilimia 5 tangu 2018, petroli ya kwenda na kurudi si bure, na kadi ikiharibika baada ya miezi minne italazimika kurudi ilikotoka. Kabla ya kulipa uliza kama gerentii yake inashughulikiwa Oman, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Kadi za mitumba zina hadithi yake. Kati ya 2020 na 2022 kadi ziliadimika duniani kwa sababu zilinunuliwa kwa mafungu kuchimba fedha za mtandaoni. Tarehe 15 Septemba 2022 mfumo wa Ethereum uliacha kabisa uchimbaji wa namna hiyo, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamiminika sokoni. Baadhi yake bado zinazunguka. Si zote mbovu, lakini feni zake zimekimbia maisha ya kadi tatu. Hatari kubwa zaidi ni kadi za uongo: kadi ya zamani sana iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la GTX 1050 Ti au nyingine. Programu ya bure ya GPU-Z tangu 2018 inazitambua nyingi na kuziandikia neno la Kiingereza "fake". Kwa hiyo usinunue kadi mkononi kwenye maegesho ya magari. Iwe ndani ya kompyuta inayofanya kazi, ifunguliwe GPU-Z, ichezeshwe gemu nzito kwa nusu saa, huku ukitazama kama kuna madoa au mistari kwenye picha na ukisikiliza feni. Muuzaji mwenye kadi nzima hatakasirika.

Kuiunganisha kompyuta si kazi ya kuogopwa, na kijana aliyeangalia video mbili tatu anaiweza mchana mmoja akisimamiwa. Yapo machache yanayosahauliwa sana. Waya wa kioo uchomekwe kwenye kadi, chini, si kwenye mazabodi juu. Akikosea hapo, kadi ya rial 140 italala na prosesa ndiyo itakayochora. RAM iwe vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba. Kwenye mipangilio ya Windows kioo cha hezi 144 huweza kuanza kikiwa kwenye 60, na lazima ubadilishe mwenyewe. Draiva zichukuliwe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kadi. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta mpya iwekwe Windows 11 tangu mwanzo.

Kisha ucheleweshaji wa mtandao, ambao vijana huuchanganya na udhaifu wa kadi. Ikiwa picha zinakatika hata katika gemu isiyotumia intaneti, hiyo ni kadi, prosesa au joto. Ikiwa picha ni laini lakini risasi yako inafika umeshakufa, hiyo ni njia ya mtandao, na hakuna kadi inayoitibu. Kutoka Muscat hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 5,000, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200 kwa kila elfu moja ya sekunde. Kwenda na kurudi peke yake ni zaidi ya elfu 50 za sekunde kabla ya kituo chochote cha njiani. Bahrain iko chini ya kilomita 1,000. Chagua seva ya Ghuba palipo na uchaguzi, na vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta badala ya kutegemea Wi-Fi inayopita kuta tatu za matofali.

Tunamalizia na wasomaji wetu wa nyumbani, kwa sababu kompyuta nyingi za Hail huishia huko. Kijana akipata mpya, ile ya zamani hupelekwa kwa binamu Unguja au Dar es Salaam. Kadi itolewe ndani ya kompyuta kabla ya safari, kwani uzito wake huvunja tundu la mazabodi mizigo inaporushwa, iwekwe kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na isafiri mkononi, si kwenye sanduku la chini ya ndege. Plagi ya pini tatu ni ile ile, hakuna cha kubadilisha.

Aliye nyumbani na kompyuta ya ofisi ya mitumba, zile nyembamba za Dell na HP zinazouzwa Kariakoo, asipelekewe kadi kubwa. Visanduku vyake vya umeme ni vidogo na mara nyingi havina waya wa kadi. Zinazomfaa ni zile zinazojitosheleza na umeme wa mazabodi, kama RTX 3050 ya gigabaiti 6 inayotumia wati 70, au baadhi ya GTX 1650 za 2019 za wati 75, na kwa kasha jembamba lazima iwe ya kimo kifupi. Binamu apime nafasi kwa rula na atume picha ya ndani ya kasha kabla ya huku kununuliwa kitu.

Na umeme wa huko ni suala lake peke yake. Wazanzibari hawajasahau miezi mitatu kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulipokatika na kisiwa cha Unguja kikabaki gizani. Waya mpya ulikuja 2013, lakini kukatika kwa ghafla na kurudi kwa kishindo bado ni adui wa kila kompyuta. Anayepeleka kadi ya rial 100 atenge pia fedha za UPS ya VA 1,000 au zaidi inunuliwe huko huko, kwani betri yake ni nzito kusafirisha. Haitachezesha gemu gizani. Kazi yake ni kumpa binamu dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri, kisha asiwashe tena mpaka umeme ukae robo saa bila ya kuyumba.